Waliokula Mbuzi wa Kiponda

Uligeuza uso. Usiseme hukuona. Ulipita na gari lako barabara ya Mwakirunge, vumbi jeupe likakupanda mpaka kwenye kope, ukapandisha kioo. Ulisikia misumeno ikilia kule chini mashimoni, ukaongeza sauti ya redio. Kisha ukaenda Bamburi ukanunua nyumba ya mawe yaliyokatwa yakanyooka kama mkate wa boflo, ukapiga plasta, ukapaka rangi ya maziwa. Baadhi ya mawe yalikuja na madoa mekundu ukasema ni kutu. Jiwe halishiki kutu, ndugu yangu. Wajua hivyo na ulijua hivyo siku ile.

Gladys Masha yeye hakupewa nafasi ya kugeuza uso. Alikuwa fundi wa kusuka upya nyaya za mota pale Junda, mwanamke wa mabega mapana na mdomo mpana zaidi, aliyejigamba kwamba hakuna mota Kisauni nzima iliyopata kumshinda. Alikuwa anadanganya, zilikuwapo, lakini hakuna aliyethubutu kumtajia. Siku ile aliitwa machimboni kufunga mota aliyoitengeneza, naye alikuwa na spana mkononi, karibu kabisa na pale ndugu yake Kiponda alipokuwa akikata mawe.

Mashine ya kukatia mawe ni kitu cha kijinga. Ni mota kubwa, msumeno wa duara unaofika gotini, na magurudumu juu ya reli. Mkataji anaisukuma kwa mikono na kwa tumbo, msumeno unalila jiwe mstari mmoja, anairudisha, anaanza mstari mwingine. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na vumbi la mawe likilowa huwa uji, uji wenye kuteleza kuliko mlenda. Kiponda alisukuma, mguu ukamponyoka, akaenda mbele. Msumeno haukujua kwamba kilichokuja sasa si jiwe. Ulimpitia paja kwa mwendo uleule. Gladys alisikia mota ikibadilisha sauti, kutoka mguno mzito ikawa nyembamba, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Sauti hiyo ndiyo iliyomkaa masikioni miezi na miezi. Si ukelele wa Kiponda. Sauti ya mota iliyopata kazi nyepesi.

Palikuwa na lori, limejaa mawe. Dereva akasema hawezi kumpakia mtu juu ya mzigo wa wenyewe, ushusheni kwanza. Wakaushusha, jiwe kwa jiwe, Kiponda amelazwa juu ya magunia, blauzi ya Gladys imefungwa pajani, damu inaingia kwenye ule uji mweupe na kuugeuza waridi. Lori lilipokuwa tupu hapakuwa tena na mtu wa kukimbizwa hospitali. Mawe yakapakiwa upya. Yalikuwa na mteja.

Mwenye mashine zile, na nyingine nyingi katika machimbo ya upande ule, aliitwa Pascalia. Vibarua walimwita Mama Mashine. Alileta jeneza na mchele, akakaa msibani kwa heshima zote, akaondoka kabla ya ngoma.

Gladys alirudi karakana kusuka mota. Karakana ilikuwa ya Mzee Mwinyihaji, fundi wa zamani aliyemfundisha kazi tangu akiwa msichana wa kuosha vyuma kwa mafuta taa. Siku moja akamwambia mzee, "Mwalimu, mota ilijua."

"Ilijua nini, mwanangu?"

"Ilipotoka kwenye jiwe ikaingia kwenye nyama, ilijua. Niliisikia. Umeme ulipungua ghafla. Kama mimi nilisikia kwa sikio, waya pia ulisikia."

Hapo ndipo kisanduku kilipozaliwa. Waliuzungushia waya unaolisha mota koili, yaani mkunjo wa nyaya nyembamba, koili ile ikawa sikio. Mota ikikata jiwe ina mguno wake, na kisanduku kinaujua. Mguno ukibadilika ghafla, ukapanda au ukashuka, kisanduku kinapindua umeme, mota inavutwa kurudi nyuma kwa nguvu zake zenyewe, na msumeno unakwama hapohapo.

"Msumeno huu hata ukitoka nje ya jiwe utasimama," alisema Mwinyihaji, akichungulia kwa miwani yenye mguu mmoja wa uzi.

"Usimame."

"Mkataji abonyeze tena kila mstari? Kazi itakwenda polepole, wallahi."

"Kazi ikienda polepole kuna mtu atakufa?"

"Yuko," mzee akajibu. "Tajiri. Atakufa kwa hasira."

Ikafika siku ya hanga la pili, lile la kuondoa msiba, ambalo watu wa huku hulifanya marehemu akishatulia kaburini, wakala, wakaimba, wakacheza. Kache, mama yao, mwanamke mkavu mwenye maneno machache, aliagiza jambo moja tu. Mashine iliyomuua mwanawe iletwe uani, aiapize mbele ya watu. Faiz, nyapara wa Mama Mashine, akaona hilo ni dogo. Akaileta kwa lori pamoja na jenereta ya machimboni na bonge la jiwe, akajipatia sehemu nzuri karibu na sufuria.

Mbuzi alikuwa amechinjwa tu. Gladys akauomba mguu wa mbele. Akaiwasha mashine, msumeno ukaingia kwenye jiwe, akaupeleka mguu ule mbele ya meno kwa kijiti kirefu. Mguu ukaruka vipande, damu na chembe za mfupa zikawarukia akina mama waliokaa mbele, mmoja akaanza kulia jina la Kiponda. Gladys hakusimama. Akakifunga kisanduku kwenye waya wa mota, akauchukua mguu wa pili, safari hii akamwita mkataji mmoja, Nicanor, rafiki wa marehemu, amshikie kijiti. Msumeno ukaligugumia jiwe, ukafika kwenye ngozi, ukauma, ukakwama. Kwato imening'inia, haijakatika.

Kache akasogea. Akaweka kiganja juu ya meno yale yenye damu, akayapapasa kama unavyopapasa paji la mtoto mwenye homa. "Kumbe ulikuwa unaweza kusimama," akauambia msumeno. Hakuapiza tena. Akaenda kukaa.

Nyama ikaingia sufuriani, pamoja na ile miguu miwili, na watu wote wakala. Wakataji walikula, majirani walikula, Faiz alikula akalamba vidole.

Utauliza kwa nini Gladys alikionyesha kitu chake hadharani namna ile. Uliza tena kwa adabu, maana jibu lake linakuhusu. Babu yake alipanda mikorosho Mwakirunge, akaizeesha, akazeeka nayo. Akaja mtu na karatasi kutoka ofisini, akasema shamba ni lake. Babu alipoitwa kujieleza, waliomwona akipanda walikuwa wamekufa, na waliokuwa hai waliangalia pembeni. Ng'o, hatukuona. Akafukuzwa, na kwenye mikorosho yake leo kuna shimo la mawe. Basi watoto wa Masha wamekua na fundisho moja tu: lako, lifanye machoni pa watu. Panda watu wakiona. Jenga watu wakiona. Siku ya siku watakuja kusema, ni lake, tulimwona. Huku pwani hakuna nyumba maskini isiyolijua fundisho hilo.

Kisanduku kiliungua, kikatengenezwa, kikaungua tena. Ulipofika mwaka wa pili baada ya hanga ndipo Gladys na mzee walipopeleka maombi ya hataza, ile haki ya serikali inayosema wazo hili ni la fulani na mwingine asiliguse bila ruhusa. Wakaambiwa kuna ombi jingine limetangulia, la kifaa kilekile, koili ileile, kupindua umeme kulekule. Jina lililoandikwa ni Pascalia.

Mtahini wa hataza alitoka Nairobi kuja kuwasikiliza wote wawili, katika chumba cha kukodi Changamwe juu ya duka la betri. Aliitwa Nadira, mzaliwa wa Likoni, mhandisi, na kabla ya kufungua faili alimwamkia Mzee Mwinyihaji shikamoo kwa kuinuka kitini. Akauliza maswali ya koili, ya joto, ya mota inavyovumilia kuvutwa kinyume. Gladys akajibu kwa majigambo. Wakili wa Mama Mashine akajibu kwa kusoma.

"Bi Gladys," Nadira akasema, "kabla hujaleta ombi lako, kuna watu waliokwisha kukiona kifaa hiki kikifanya kazi?"

Gladys akacheka. Swali hilo ndilo alilokuwa akilingoja. "Watu? Waulize Mwakirunge yote. Nilikifunga kwenye hanga la ndugu yangu, mchana kweupe, mbuzi ni shahidi."

Wakili akainua kichwa. Nadira akaiweka kalamu chini.

"Ungeniambia hapana, ningeandika hapana," akasema taratibu. "Sasa umesema. Bi Gladys, hii si kesi ya shamba. Shamba, watu wakikuona unapanda, unapata nguvu. Wazo ni kinyume. Watu wakiliona kabla hujaliandikisha, limekutoka. Aliyelionyesha mwenyewe sheria inampa mwaka mmoja wa kujirudi. Wako ulikwisha pita."

Mzee Mwinyihaji akamshika Gladys mkono juu ya meza, mbele ya wote.

"Na yeye?" Gladys akauliza, akimwonyesha Mama Mashine kwa kidevu.

"Yeye aliandikisha baada ya hilo hanga. Kama watu waliona kweli, si lake pia. Yeye hana hata huo mwaka, maana si yeye aliyekionyesha."

"Hanga gani?" akauliza Pascalia. "Mimi nilipeleka mchele. Mashine yangu ikafanye nini msibani, icheze ngoma? Faiz, ulipeleka mashine?"

Faiz alikuwa amesimama mlangoni. "Sikumbuki, mama."

"Neno la Bi Gladys na la mzee ni neno la wenye fungu lao katika jambo hili," Nadira akasema. "Nileteeni watu wasio na fungu, waape kwamba waliona. Niko hapa mpaka Ijumaa. Wasipokuja, ombi la Bi Pascalia litaendelea."

Kwenye ngazi Pascalia akamngoja Gladys. Hakuwa na hasira. Alikuwa na sauti ya mama mkwe mwema.

"Mwambie yule binti ulikosea. Hapakuwa na maonyesho. Hataza ikitoka, nitakufanya mkuu wa mashine zangu zote."

"Na kisanduku utakifunga?"

"Kwa wakati wake."

"Wakati wake ni lini, Mama Mashine?"

"Gladys, wewe ni fundi, usijifanye mtoto. Msumeno ukisimama kila mstari, mawe nitauza lini? Wakaguzi wa kazi wameanza kuniuliza mbona mashine hazina kizuizi. Kifaa kikiwa changu, nitawaambia bado nakijaribu, na hakuna mwingine atakayeruhusiwa kukileta."

Hivyo ndivyo alivyosema, kweupe, kwa sababu hakuona ubaya. Angeishika kufuli ili mlango ukae wazi, na wanaume waendelee kutumbukia.

Gladys akamwambia neno moja la matusi la Kigiriama ambalo halihitaji kuandikwa hapa, akashuka.

Kesho yake, jua la saa nne, wakaja Junda kwa pikipiki. Vijana wenye mapanga, sura zao zimefunikwa kwa kofia za pikipiki, na Faiz mbele yao uso wazi, maana hakuona haja ya kuuficha. Ukitaka kujua woga wa mtaa una sauti gani, ungekuwapo. Ni sauti ya milango ya mabati ikiteremshwa. Duka la simu likafunga. Kinyozi akafunga na mteja ndani, nusu ya kichwa imenyolewa. Muuza mahamri akaacha karai motoni akaingia uchochoroni. Wote walikuwa watu wema. Wote walikuwa wanadaiwa na karakana ile shukrani ya feni, ya friji, ya pampu.

Walianza na vitu. Mota zilizosukwa zikapigwa mapanga mpaka nyaya zikatoka kama matumbo. Mezani palikuwa na kisanduku. Mzee Mwinyihaji akakilalia kwa kifua, akasema, "Faiz, mwana wa Waleed, babako nalimzika kwa mikono hii." Faiz akatazama pembeni, na kijana aliyekuwa nyuma yake akapiga. Pigo la kwanza lilichukua sikio na kuingia begani. La pili liliingia shingoni. Gladys alikuwa ameshika chuma cha ndani ya mota, kizito kama kichwa cha ng'ombe. Alikirusha kwenye uso wa kijana yule, kofia ikapasuka, meno yakamwagika juu ya sakafu yenye mafuta. Panga jingine likamshukia Gladys mkono wa kushoto mpaka likagusa mfupa. Alisikia mfupa ukilia. Akashika bisibisi kwa mkono uliobaki akamchoma yule mtu pajani, akaichomoa, akamchoma tena, mpaka wakamburura mwenzao nje na kuondoka.

"Wamekivunda?" Mwinyihaji akauliza. Alikuwa anaulizia kisanduku. Chini yake damu ilikuwa imejaza mifereji ya sakafu.

"Hawajakivunja, mwalimu."

"Alhamdulillahi," akasema, na macho yake yakabaki yakimtazama.

Alizikwa alasiri ileile, kama desturi ya Waislamu. Polisi waliandika kwamba ni wizi. Mkewe, Bi Barke, alimkuta Gladys amekaa kibarazani, mkono umeshonwa umefungwa bendeji, analia kwa kwikwi kama mtoto. Akamrushia leso.

"Jifunike huo mkono, watisha watu. Wewe ndiwe uliyemfundisha mzee wangu ubishi uzeeni. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Haya, ubishi wenyewe nenda kautumie, usikae hapa ukanililia mimi."

Alhamisi asubuhi Gladys akashuka mashimoni Mwakirunge na mama yake. Aliwauliza wakataji mmoja mmoja, akipaza sauti juu ya misumeno. Nani atakuja Changamwe kesho kuapa kwamba aliona?

"Mimi siku ile nilikuwa na malaria, dada."

"Mimi nilikuwa nimelewa. Nililewa kabla hanga halijaanza."

"Mimi nilikwenda kwa mke wangu Likoni."

"Nicanor," akasema Gladys, "wewe ndiye uliyekishika kile kijiti. Mbona mkono wako ulikuwapo na wewe hukuwapo?"

Nicanor aliendelea kusukuma mashine. "Nina watoto, Gladys. Mzee Mwinyihaji yu wapi leo?"

Ndipo Kache akaketi chini. Aliketi juu ya reli, katika njia ya mashine ya Nicanor, ikambidi Nicanor aisimamishe kwa nguvu zote, msumeno unapepea karibu na kanga ya yule mama. Hakupaza sauti. Walio mbali iliwabidi wazime mashine ili wasikie anasema nini.

"Niliwalisha," alisema. "Nyama mliyokula iliguswa na msumeno uleule uliomla mwanangu. Mlikula mkashiba. Mtu haendi hanga kujaza tumbo. Ukila hanga la mtu, umekuwa shahidi wake. Ukila, kisha ukasema hukuwapo, basi ile nyama hukupewa, uliiba. Uliiba nyama ya maiti. Mimi sina panga. Nasema tu: kama mliiba, na iwakatae tumboni, nyinyi na mtakaowazaa."

Panga mtu hulikimbia. Apizo la mama huwezi kulikimbia. Nicanor akauondoa mkono wake kwenye mashine kama ametiwa moto. Mwingine akazima. Mwingine. Yule wa malaria akasema kwa sauti ndogo kwamba sasa anakumbuka, mbuzi alikuwa mweusi.

Faiz akaja kutoka juu ya shimo na watu wake wawili, akiuliza nani amezima kazi. Akamwona Kache kwenye reli. Akamsukuma kifuani kwa kiatu, kama mtu anayesogeza gunia, na yule mama akaanguka chali kwenye uji mweupe.

Hapo mashimo yakafunguka. Wanaume waliogeuza uso kwa Kiponda, wakageuza kwa Mwinyihaji, sasa walikuja na mitaimbo na vipande vya mawe. Watu wawili wa Faiz walikimbia. Yeye alipigwa magoti yakavunjika, akapigwa mdomo ukawa tundu. Wakamkokota mpaka kwenye mashine moja pembeni ambayo bado ilikuwa inanguruma, wakamsukumia msumenoni.

Gladys alitaka iwe hivyo. Tusimpambe. Alisimama akatazama, na moyo wake ulikuwa mtamu. Halafu akawaza watu hawa kesho watakuwa selo kwa mauaji, Nadira atakuwa peke yake mezani na faili moja, na kisanduku kitafungiwa kabatini kwa jina la Pascalia. Akawapita kwa bega, akavuta swichi.

Mota ikanyamaza. Lakini kuzima si kusimamisha, na hilo ndilo jambo ambalo Gladys alikuwa amelisema mpaka sauti ikamkauka. Msumeno ule hauhitaji umeme kumaliza mwendo wake, una uzito wake. Uliendelea kuzunguka, kimya, laini, na Faiz aliyeinua mkono kujikinga akaupeleka palepale. Vidole vikaenda, kisha kiganja. Msumeno ukasimama ulipotaka wenyewe. Gladys alivua leso ya Bi Barke akaufunga ule mkono uliobaki kigutu, akaukaza kwa meno yake, huku akimwambia Faiz, "Umeona sasa? Umeona?" na Faiz akilia akimwita mama yake.

Ijumaa walipanda zile ngazi za Changamwe, weupe kwa vumbi kama waliofufuliwa. Wengine waliapa kwa Biblia, wengine kwa Kurani, na kila mmoja alisema maneno yaleyale bila kufundishwa: niliona, na nilikula. Kache alisema hivyohivyo. Nadira aliandika mpaka wino ukamwishia, akaazima kalamu ya wakili wa Pascalia. Mwisho akasoma uamuzi. Ombi la Bi Pascalia limekataliwa, kifaa kilikuwa kimekwisha kujulikana. Ombi la Bi Gladys Masha limekataliwa, kwa sababu hiyohiyo.

"Umejichoma mwenyewe ili unichome mimi," Pascalia alimwambia mlangoni.

"Ndiyo," Gladys akasema. "Na nimefurahi."

Chini ya ngazi polisi walikuwa wanangoja. Hawakumngoja aliyemwagiza Faiz, walimngoja Nicanor kwa mkono wa Faiz. Yumo gereza la Shimo la Tewa hivi tunavyozungumza. Waliomuua Mzee Mwinyihaji bado wanatafutwa, yaani hawatafutwi.

Kisanduku hakina mwenyewe. Maana yake ni chako. Gladys ameuchora mchoro wake mzima kwenye ukuta wa karakana pale Junda, kwa rangi nyeusi, koili na nyaya zake na namna ya kuzipindua, na fundi yeyote akipita anafundishwa bure, kwa matusi kidogo. Mafundi wameunakili. Na bado, wewe, misumeno inalia Mwakirunge uchi vilevile. Pascalia anasema halazimishwi. Wakaguzi wanasema hawajaagizwa. Wakataji wawili waliodai kifungwe wamefukuzwa, na mahali pao wamechukuliwa wengine wenye njaa. Kitu kipo, kimenunuliwa kwa shingo ya mzee mmoja na kwa haki aliyoitupa mwanamke mmoja, na kinachokosekana ni watu.

Basi ondoka hapo ulipo. Usimalize chai. Nenda kwenye shimo lililo karibu nawe, au kwa anayekuuzia mawe, umuulize kisanduku kiko wapi, umuulize mbele ya watu. Kama hakipo, usichukue hata jiwe moja, na umzuie anayechukua. Kama wewe ni fundi, nenda Junda leo ukaunakili ule ukuta, uende ukafunge mashine moja kabla jua halijazama. Kama wewe ni mkataji, toa mikono yako kwenye mashine sasa hivi, na umwambie mwenzako atoe yake. Mvua imenyesha alfajiri hii. Chini kunateleza. Nenda.